Ngozi ya Ng'ombe wa Metui

Mume wangu Piusi Tluway alikuwa mtu wa kelele. Siku za kuogesha ng'ombe, Jumanne na Ijumaa, ungeweza kukaa jikoni kwangu, bonde zima likiwa katikati, na bado ukamsikia kule joshoni: "Umewanywesha? Mbona huyu ulimi nje? Rudi mtoni! Rudi, nimesema!" Kijiji chetu kiko upande wa Rhotia, kwenye udongo mwekundu, na josho lilikuwa chini karibu na mto. Ng'ombe wote walipita mikononi mwa Piusi, na wenye ng'ombe wote walipita mdomoni mwake.

Kanuni yenyewe haikuwa ngumu. Ng'ombe mwenye kiu akitumbukia kwenye lile shimo la dawa ya kupe, atainywa, na dawa ile ni sumu. Kwa hiyo kwanza maji, ndipo josho. Piusi aliisema kanuni hii mara nyingi kuliko alivyosali Baba Yetu. Niliwahi kumtania kwamba siku ya kufa atamwuliza padri kama amekunywa maji.

Pamoja na josho alikuwa mchoma chapa. Serikali ilimpa kazi hiyo mwaka 1974, vijiji vilipopangwa upya na ng'ombe wa watu kumi wakalala zizi moja. Vyuma vya chapa vilitundikwa ukutani kwenye kibanda cha josho, kila kimoja kwenye msumari wake, na daftari la alama lilikaa kwenye sanduku la mbao ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Watu walimwamini. Mtu akija na haraka zake, anataka mtamba achomwe chapa kabla hajaulizwa amemtoa wapi, Piusi alikuwa na jibu moja: "Ndugu yangu, alama huongezwa, haitolewi. Nikishaiweka, hata mimi siwezi kuiondoa."

Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba hakuwa mwizi. Wako watu hapa Karatu wanaomsimulia kama mwizi wa ng'ombe, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Alichokifanya ni kibaya, sitaki kukipaka sukari, lakini nataka kiandikwe kama kilivyokuwa, na sehemu yangu iwemo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mmaasai wa Kakesio, jina lake Metui. Walikutana mwaka 1976, Piusi alipokwenda kule na watu wa chanjo akaugua homa, akalala kwenye boma la Metui siku tisa akinyweshwa supu. Mwaka uliofuata Metui alikuja kwetu kwa miguu, mwendo wa siku tatu, na ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Huko kwao nyumbu wanapozaa, ng'ombe wanaopita kwenye malisho yale huugua na kufa, kwa hiyo mtu mwenye rafiki nyanda za juu humwekea ng'ombe wake huko. Lakini ndama yule alikuwa zaidi ya hapo. Kwa desturi yao, watu wawili waliopeana ndama huacha kuitana kwa majina yao. Huitana Paashe, yaani mtu wa ndama. Tangu siku ile mume wangu hakuwa Piusi tena kwa Metui, na Metui hakuwa Metui kwa Piusi. Nyumbani kwangu ilikuwa Paashe asubuhi, Paashe jioni, mpaka nikawaambia nyinyi wawili mtanichosha.

Masharti ya ng'ombe yalisemwa mbele yangu, tukiwa tumekaa nje na bakuli la mahindi ya kuchoma.

"Maziwa ni ya watoto wako, Paashe," Metui alisema kwa Kiswahili chake cha kukata kata. "Nikimhitaji, nitakuja. Akifa, ng'ombe hufa. Niletee ngozi yenye alama, basi. Ngozi ikifika, nakupa mwingine."

"Hafi," Piusi akasema.

"Ng'ombe hufa," Metui akasema tena, akacheka.

Masharti yenyewe yalikuwa hayo tu. Ningependa mtu anionyeshe sheria ya serikali iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Ndama akakua kwetu, akawa mtamba mzuri wa kutazamwa na wapita njia. Mwezi wa sita mwaka 1980 tukapata salamu kupitia kwa watu wa mnadani: kijana mkubwa wa Metui anaoa, na Metui angekuja kumchukua ng'ombe wake majani yakishaota. Piusi akaanza wazimu wa kumpamba. Akamkatia majani mwenyewe, akamsugua mgongo kwa gunzi, akamtoa kupe mmoja mmoja masikioni. Alitaka Metui akimwona ashindwe kusema.

Jumapili moja mimi na watoto tulikwenda misa. Piusi alisema anaumwa mgongo. Hakuwa anaumwa mgongo. Alitaka kumwogesha mtamba peke yake, dawa ikiwa imetulia, bila matope ya ng'ombe wa watu. Alikuwa amemfungia zizini tangu jana yake mchana ili asijichafue. Akamtoa zizini, akampeleka joshoni moja kwa moja, akampitisha mbali na mto kwa sababu kingo zilikuwa na tope.

Yule mtu wa "wanyweshe kwanza".

Niliporudi nilimkuta kwenye kibanda cha josho, mikono ina damu mpaka viwikoni. Alikuwa ameshamchuna. Hakupiga kelele. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo hivyo.

"Amekunywa, Mama Blandina. Alikuwa na kiu, akainamisha kichwa akanywa kama yuko mtoni. Nilimvuta pembe. Akanywa."

Nikakaa chini. Kisha nikasema neno la pekee la akili nililolisema katika habari hii yote: "Mpelekee Metui ngozi."

"Atauliza amekufa kwa nini."

"Mwambie."

"Mimi? Nimwambie nimemwua joshoni kwa kiu? Kesho Rhotia nzima ijue? Hawa ninaowarudisha mtoni kila siku?" Akatazama mikono yake. "Watacheka mpaka wafe."

Na mimi, badala ya kumwambia waache wacheke, nikawaona wanawake wenzangu kisimani wakicheka. Nikaona haya kabla hata hawajacheka. Nikamsaidia kuchimba shimo nyuma ya shamba la maharage, tukaifukia nyama, maana ilikuwa na sumu. Watoto tuliwaambia ng'ombe amepelekwa kwa jirani.

Ngozi hatukuifukia. Hilo ni kosa langu, au ni wema wangu, mpaka leo sijui. Mama yangu alikuwa fundi wa ngozi. Sketi za ngozi za maharusi wetu wa Kiiraqw, zile za shanga, nyingi za kijiji alichozaliwa zilipita mikononi mwake. Nililelewa kuamini kwamba kufukia ngozi nzima ni dhambi. Nikaikwangua, nikaikausha ndani, nikailainisha kwa mafuta, nikaitandika kitandani kwetu. Piusi alitaka nikate ile kona yenye alama. Nikamwambia siharibu ngozi. Kona ile nikaielekeza ukutani, na kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi mimi na mume wangu tukalala juu ya ng'ombe wa Metui.

Wiki tatu baada ya Jumapili ile, wafugaji wa Loliondo walipita na makundi yao wakitafuta malisho, maana kwao kulikuwa kumekauka. Walipoondoka, mtamba mmoja alibaki joshoni. Ng'ombe aliyepotea hufungiwa kwenye zizi la peke yake, Piusi humwandika kwenye daftari la waliopotea, rangi na alama, na habari hupelekwa ofisi ya kijiji ili mwenyewe atafutwe. Mtamba huyu alikuwa mwekundu. Tumboni alikuwa na baka jeupe, dogo kidogo kuliko la yule wetu. Kwenye paja la kulia alikuwa na alama ya nusu duara, na sikio la kushoto limekatwa ncha.

Alama ya Metui ilikuwa duara zima. Sikio la ng'ombe wake lilikatwa ncha, na pengo dogo chini yake.

Nafikiri msomaji ameshaona. Piusi naye aliona, na angalipenda asione. Alishinda siku mbili akimzunguka ng'ombe yule. Siku ya tatu aliwasha moto kibandani, akachukua chuma, akaongeza nusu iliyobaki. Akakata lile pengo kwa wembe. Kisha akafungua daftari na penye maelezo ya mtamba aliyepotea akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni: Amechukuliwa na mwenyewe.

Alipaka jeraha mafuta ya kondoo kila siku. Metui alichelewa, alikuja mwezi wa kumi na mbili, na nywele zilikuwa zimeota vizuri. Nakumbuka alivyosimama zizini. Alimtazama mtamba kwa muda. Akaenda upande wa kulia, akaenda wa kushoto, akashika sikio. Piusi alikuwa anaongea bila kukoma, mara mvua, mara bei ya dawa, mara harusi. Metui akamtazama yeye kwa muda uleule aliomtazama ng'ombe. Halafu akamshika bega kwa mikono miwili.

"Umenitunzia, Paashe," akasema.

Akaondoka na ng'ombe wake. Piusi alilala usingizi usiku huo, nami nilimwonea wivu.

Mwenye mtamba alikuwa mjane wa Oloipiri, huko Loliondo, anayeitwa Nalotuesha. Ng'ombe wake hawakuzidi sita. Mwezi wa nane mwaka 1981 alikwenda Kakesio kwenye harusi ya ndugu zake, na kisimani akaona mtamba mwekundu akinywa maji katikati ya kundi la Metui. Alama si yake, sikio si lake. Yeye hakujali alama wala sikio. Alimwita kwa jina lile alilokuwa akimwita wakati wa kumkamua mama yake, na ng'ombe akainua kichwa, akaacha maji, akamfuata.

Polisi walimchukua Metui na kumleta Karatu. Wizi wa ng'ombe siku zile ulikuwa jambo zito, watu walisema miaka mitano haipungui. Bwana mifugo alinyoa paja la mtamba kwa wembe, na kila mwenye macho akaona: nusu moja ya duara ilikuwa kovu la zamani, jeupe na laini, nusu ya pili ilikuwa bado na wekundu. Kwa hiyo likaongezeka shtaka la kubadili alama.

Metui alieleza kwa kifupi. Ng'ombe huyu nilimtoa kwa Paashe wangu, mtu wa josho la Rhotia. Mwulizeni.

Wakamwuliza.

Siku ile nilikuwepo. Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye bati linalopiga kelele juani, hakimu mezani, wazee wa baraza wawili kando yake, na watu wamejaa mpaka madirishani. Tulikuwa tumeongea alfajiri, mimi na Piusi. Alikuwa anataka kusema kweli. Mimi ndiye niliyemshika koti mlangoni. Nilimwambia: "Una watoto watano. Yeye ni Mmaasai, akifungwa, ukoo wake utakula na watoto wake. Wewe ukifungwa nani atakula na wangu? Wewe sema hujui." Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Nimeungama kwa mapadri watatu tofauti, na kila mmoja alinisamehe upesi mno.

Hakimu akauliza, "Ulimrudishia mshtakiwa ng'ombe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mwenye alama gani?"

"Duara kamili."

"Huyu aliye nje ndiye uliyemrudishia?"

Piusi alitazama dirishani, mahali mtamba alipofungwa. "Wekundu wako wengi, mheshimiwa," akasema. "Siwezi kusema ndiye."

Metui alikuwa amesimama na pingu mikononi. Hakushtuka. Aligeuza kichwa tu akamtazama Piusi, kama alivyomtazama zizini ile siku ya mwezi wa kumi na mbili. Kesi ikaahirishwa wiki moja kwa ajili ya hukumu. Tulirudi Rhotia kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya sita, mchana, mke wa Metui akatokea. Jina lake Nalangu. Alikuwa ametembea siku tatu, vumbi limempanda mpaka magotini, na kibuyu cha maziwa begani. Nilimkaribisha ndani, nikampa kigoda, nikampa maji. Chumba chetu cha kulala kilikuwa nyuma ya pazia tu, hatua tatu kutoka alipokaa. Piusi alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, akaacha.

Nalangu hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Paashe wa mume wangu," alimwambia, "nimesikia ulisema mahakamani hukumbuki yule ng'ombe. Ng'ombe ni wengi joshoni, mtu anasahau. Mimi nimemkamua toka azae mpaka polisi wanamchukua. Nimekuja kukukumbusha." Akaanza kumweleza: baka lilivyo, pembe ya kulia inavyoinama, chuchu moja isiyotoa maziwa. Alieleza polepole, anatafuta neno la Kiswahili, akilikosa anaonyesha kwa vidole. "Ukimkumbuka vizuri, nenda umwambie hakimu. Metui anasema tusikusumbue. Nimekuja bila yeye kujua."

Kisha akafungua kibuyu. "Haya ni maziwa ya dada zake. Kunyweni."

Nilileta vikombe. Piusi alishika chake, akakiweka chini bila kunywa. Alisema, "Nimekumbuka, mama." Akasema tena, "Nimekumbuka." Nalangu akashukuru sana. Akatuombea, kwa Kimaasai, maneno marefu, na kila penye kituo tulipaswa kuitikia na hatukujua neno la kuitikia.

Alipoondoka niliingia chumbani. Sikungoja Piusi aniambie. Niliivuta ngozi kitandani, nikaitoa nje uwanjani mchana kweupe, nikaitandaza juu ya nyasi alama ikiwa juu, wapita njia wanaona. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeficha hata tukawa tunalala juu yake. Piusi alitoka akasimama kwenye ngozi ile.

"Watacheka," nikasema.

"Wacha wacheke."

Alikwenda joshoni akachukua daftari.

Siku ya hukumu alibeba ngozi begani toka Rhotia mpaka Karatu, barabarani, saa za watu kwenda sokoni. Wengine walidhani anaipeleka kuuza, wakaulizia bei. Mahakamani hakungoja kuitwa. Hakimu alipoingia na watu wakakaa, yeye alibaki amesimama, akaitandaza ngozi sakafuni mbele ya meza.

"Mheshimiwa, huyu ndiye ng'ombe wa Metui. Alikufa mikononi mwangu. Nilimwogesha bila kumnywesha." Nyuma mtu mmoja akacheka, kama tulivyojua tangu mwanzo kwamba atacheka. Piusi akangoja amalize. "Yule aliye nje ni wa mjane wa Oloipiri. Alama niliongeza mimi. Sikio nilikata mimi. Na hapa," akaweka daftari mezani, "niliandika uongo."

Hakimu alisoma daftari muda mrefu. Akamgeukia Metui.

"Wewe ni mfugaji. Ulipopewa ng'ombe huyu, hukuona kwamba si wako?"

"Niliona," Metui akasema.

"Lini?"

"Siku ileile, zizini. Mtu anamjua ng'ombe wake. Sikio lilikuwa jipya, baka dogo. Nilijua si wangu."

Wazee wa baraza wakatazamana. Hakimu akaweka kalamu chini. "Basi ulichukua ng'ombe ukijua si wako."

"Nilijua si wangu," Metui akasema. "Nilidhani ni wake. Nilidhani wangu amekufa, na yeye ameona haya kuniambia, akatoa wa kwake akamtia alama yangu ili nisipate hasara. Nikasema moyoni, mtu huyu ni mkubwa kuliko mimi. Nikimwuliza nitamwaibisha. Nikanyamaza."

Piusi alikuwa amesimama wima mpaka hapo. Kwenye maneno hayo alikaa chini, si kwenye benchi, sakafuni pembeni ya ngozi, akajifunika uso kwa kofia yake. Hata yule aliyecheka hakucheka tena. Mimi nilitoka nje, kwa sababu sikuweza kuwa chumba kimoja na Metui, na huko nje nikakutana na Nalotuesha amemshika mtamba wake kamba. Walishamwambia kwamba amerudishiwa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye paja lililonyolewa, akifuata duara.

"Na hii?" akaniuliza, hajui mimi ni nani. "Hii nitaitoaje?"

Nilijua jibu. Nililisikia miaka mingi likipigiwa kelele joshoni. Sikulisema.

Metui akaachiwa siku ileile. Piusi akashtakiwa kwa yake, kubadili alama ya mnyama kwa nia ya kudanganya na kuandika uongo katika daftari la serikali, akapata miaka miwili. Kabla hawajamchukua, Metui aliinama akaikunja ngozi, kona kwa kona, akaiweka kwapani. Alipita mbele ya mume wangu, na Piusi hakuinua kofia.

Kitanda changu kikabaki kamba tupu. Sikutafuta kitu kingine cha kutandika kwa muda mrefu.

Miezi mitatu baadaye, mvua zikiwa zimeanza, niliona mtu mrefu anapanda njia ya kwetu na ndama jike mwekundu. Nilidhani nitakimbia. Metui alimfunga ndama kwenye nguzo ya zizi, akakataa kigoda, akakataa maji.

"Ngozi ilifika," akasema. "Nilisema ikifika, natoa mwingine. Huyu hapa."

"Hatustahili, shemeji," nikamwambia.

"Sijasema mnastahili. Nilisema natoa." Akageuka kwenda. Mlangoni mwa zizi akasimama. "Mwambie Piusi ngozi ilifika."

Piusi alirudi mwaka 1983, amekonda, anaongea kwa ile sauti ndogo ya kibandani. Josho lilishapata mtu mwingine, na vyuma vyake pia. Nilimpeleka zizini. Ndama alikuwa mtamba sasa, masikio mazima yote mawili, paja halina kitu. Nilimweleza nani alimleta. Watu waliwahi kuniambia nimchome chapa asije akapotea, nikakataa, na wala hakuna aliyethubutu kumgusa. Mpaka Mbulumbulu walijua ng'ombe mwekundu asiye na alama ni wa nani, na kwa nini.

Piusi alimzunguka, kulia, kushoto. Akashika sikio lile zima.

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie Piusi ngozi ilifika."

Akaliachia sikio. "Alisema Piusi?"

Nilifikiria kumdanganya. Mungu anisamehe, hata siku ile nilifikiria.

"Alisema Piusi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua ndoo, akateremka mtoni kumletea maji.